Nusu Sekunde Inatosha: Kupiga Picha za Mito ya Rumonge

Nchini Burundi, barabara ya RN3 kutoka Bujumbura hadi mji wa Rumonge, yapata kilomita 75, imebanwa kati ya Ziwa Tanganyika upande wa kulia na milima ya Mirwa upande wa kushoto. Abiria karibu wote hutazama kulia. Anayetaka picha za maji yaendayo mbio atazame kushoto. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na safu ya milima inayogawa maji ya Kongo na ya Nile inavuka mita 2,000, wala haiko mbali. Mito kama Dama, Murembwe na Nyengwe huporomoka kimo hicho katika mwendo mfupi kabla ya kutulia kwenye tambarare ya Imbo na kuingia ziwani.

Kasi hiyo ndiyo inayopaswa kuamua vifaa. Wageni wengi hufika na filta nyeusi ya ND1000, wakaacha kamera wazi nusu dakika, na mto wote ukageuka pamba. Mawe yanabaki, maji yanatoweka. Kwa mito ya hapa, muda kati ya robo sekunde na sekunde moja unatosha kabisa: maji yanalainika, lakini bado jicho linaona yalipogonga jiwe, yalipojipinda na yalipoangukia.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme ni asubuhi bondeni, kamera iko kwenye ISO 100 na tundu la lenzi ni f/11, nayo inataka 1/15 ya sekunde. ND8 hupunguza mwanga mara 8, hivyo muda unakuwa kama nusu sekunde. ND64 inaupeleka kwenye sekunde 4 na kidogo. ND1000 inavuka dakika nzima. Mwenye pesa ya filta moja tu anunue ND8, na akipata nyongeza achukue CPL, ile inayozungushwa mbele ya lenzi. CPL huondoa mng'ao juu ya mawe yaliyolowa na majani ya michikichi, na yenyewe pia hupunguza mwanga kidogo. Kufunga tundu hadi f/22 ili kukwepa gharama ya filta hakufai, kwani picha hupoteza ukali wake.

Saa ya kazi ni asubuhi. Rumonge iko karibu na Ikweta, na jua huchomoza saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Ila milima iko mashariki, kwa hiyo mabonde hubaki kivulini muda mzuri baada ya ufuo kuangaziwa. Mwanga huo wa kivuli hauna mabaka meupe ya jua yanayoharibu picha za maji. Jua likishaingia bondeni, ni bora kukunja vitu na kwenda kunywa chai.

Msimu nao una neno. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Februari hadi Mei, na mito hushuka na udongo mwekundu wa mashamba ya milimani. Mwisho wa Mei na Juni maji yanakuwa bado mengi lakini yameanza kutakata. Huo ndio wakati wa kuchagua. Hata hivyo maji mekundu yasidharauliwe, maana yanaonyesha wazi jinsi vilima vinavyopoteza udongo. Ila wakati wa mvua mtu asikae chini ya kingo za mlima: Machi 2015 maporomoko ya udongo ya Gitaza, kwenye barabara hiihii, yaliua watu na kuikata njia.

Mtoni penyewe, miguu ya tripodi ikae juu ya mwamba. Ikisimama ndani ya mkondo, maji huitikisa na picha haitulii. Lenga kwanza, zima ulengaji otomatiki wa kamera, ndipo ufunge filta. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitingishe kamera. Kitambaa kikavu kisikose mfukoni, kwani tone moja kwenye filta huonekana kama doa la ukungu. Na pale povu linapozunguka kwenye kidimbwi nyuma ya jiwe, sekunde 8 au 10 zinafaa: kila kipande cha povu huchora duara lake.

Mto ni mahali pa kazi za watu. Akina mama wanafua, watoto wanachota maji, na wengine wanashughulika na mawese, kwani Rumonge ndiyo kitovu cha michikichi Burundi. Kiswahili kinasikika sana mjini, hivyo hakuna udhuru wa kutosalimia. "Shikamoo mama, naomba kupiga picha ya maji hapa" hufungua njia, na akikataa, kamera ishushwe. Kamera isielekezwe kwa askari wala kwenye vizuizi vya barabarani. Kwa msitu wa hifadhi wa Kigwena, kusini mwa mji, ruhusa huombwa OBPE, ofisi inayosimamia hifadhi za nchi.

Midomo ya mito si mahali pa kupigia magoti. Mamba na viboko wapo kwenye ufuo huu, na maji yaliyotuama yenye konokono huweza kubeba kichocho. Viatu vya mpira vinafaa.

Anayetafuta maporomoko ya maji makubwa zaidi aende Karera, upande wa Rutana, yaliyomo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2007. Kabla ya kupanga safari hiyo aulize kwanza hali ya mafuta ya gari, maana uhaba wake umevuruga safari nyingi miaka ya karibuni.

ND1000 iliyobaki mkobani ina kazi yake ziwani. Jioni jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, mawimbi ya kiangazi yakipiga mawe ya ufuo, sekunde 30 hulainisha uso wa ziwa na kuacha mawe peke yake. Kwenye usiku usio na mbalamwezi, filta itolewe: taa za wavuvi wa ndagala zinatosha, na sekunde 5 hadi 10 zinafaa zaidi, kwa sababu mitumbwi haikai mahali pamoja.