SOMO LETU: UHANDISI WA MIFUMO, NA KUSOMA HUKU UKIFANYA KAZI



Mafundi wa mitambo wametuuliza: uhandisi wa mifumo ni elimu gani, na je, ni kweli mtu aweza kupata shahada yake ya pili bila ya kuacha kazi?

Tuanze na kiwanda cha chai, maana wengi wetu twakijua. Majani mabichi hupimwa kwenye mizani, hunyaushwa vitandani, husagwa, huachwa yachachuke, hukaushwa, kisha huchambuliwa na kufungwa. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Sasa meneja ataka chai zaidi. Anawaamuru wachumaji waongeze kilo, nao wanaongeza. Lakini vitanda vya kunyaushia ni vile vile. Majani yanarundikwa, yanapata joto na kuwa mekundu kabla ya kufika mashineni. Yanayoingia na maji mengi yanamaliza kuni za boila. Mwisho wa mwezi chai haikuongezeka, ubora umeshuka, na lawama anapewa mchumaji!

Fundi wa mashine ataitazama mashine yake, na wa umeme ataitazama mota. Mhandisi wa mifumo hutazama maungio: kinachotoka hapa kinaingia pale kwa kipimo gani, kwa wakati gani, na mtu aliyesimama katikati anajua nini. Kabla mtambo haujanunuliwa huuliza nani atautumia na kwa haja gani, huyaandika mahitaji hayo, na mtambo ukiisha kufungwa huupima kwa maandishi yale yale. Ndiyo sababu mhandisi mwema wa aina hii huja kwanza kuzungumza na watu wa zamu. Asiyekuja, mjue kuna jambo hakulisoma.

Marekani, ambako elimu hii ilikua tangu miaka ya 1940 katika maabara za simu za Bell, wanafunzi hufundishwa habari ya chombo Mars Climate Orbiter, kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika kwenye sayari ya Mars. Hakuna chuma kilichovunjika. Programu ya upande mmoja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, vya ratili, na upande wa pili ukazisoma kama vipimo vya metriki. Kosa lilikuwa kwenye maungio.

Sasa habari ya shahada. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, katika jimbo la Maryland, huwasomesha wahandisi walioajiriwa kwa njia ya intaneti. Masomo ni 10, na mwanafunzi hupewa miaka 5 kuyamaliza. Wengi huchukua somo moja kwa muhula. Waliosoma kwa njia ya posta watautambua mtindo, ila hapa kazi za nyumbani hudaiwa karibu kila wiki, na mwalimu haelewi habari ya umeme uliokatika. Tusidanganyane: mlango huu ni wa mwenye shahada ya kwanza ya uhandisi au sayansi. Mwenye cheti cha ufundi aanze na stashahada. Tena karo ni maelfu ya dola kwa kila somo, na mshahara wa kiwandani hauiwezi.

Kwa hiyo swali kubwa ni nani alipe, na saa za kusoma zitoke wapi. Mwajiri akijitolea kulipa, msome hati yake kabla ya kutia sahihi. Mara nyingi imeandikwa kwamba mtu akiacha kazi kabla ya miaka kadha atarudisha karo yote. Miaka hiyo huweza kujadiliwa, na chama kiwepo katika majadiliano.

Kuhusu saa, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1974 Mkataba Na. 140, juu ya likizo ya masomo yenye malipo. Unahusu mafunzo ya kazi ya ngazi yoyote, elimu ya jumla na ya uraia, na elimu ya vyama vya wafanyakazi. Yaani mchumaji anayejifunza kusoma amo, sawa na mhandisi. Huifunga nchi iliyouridhia tu. Wawakilishi wa matawi, ulizeni kama nchi yenu imeuridhia, kisha tazameni katika mkataba wenu wa hali bora za kazi kama kuna kifungu cha likizo ya masomo, ni cha siku ngapi, na kama kinawataja wa zamu na wa shambani au wa ofisini peke yao.