Taja Jina, Kisha Nyamaza



Leo tujifunze kwa Bob Sheppard, mtangazaji wa uwanja wa besiboli wa Yankee Stadium, New York, toka 1951 hadi 2007. Mchezaji Reggie Jackson alimwita "Sauti ya Mungu". Lakini Sheppard hakupiga kelele: alitaja nafasi, namba na jina, polepole, basi. Jina likiwa gumu, alimuuliza mwenyewe linatamkwaje. Na kanisani, Mkatoliki huyu alikuwa msoma masomo.

Mimi frateri najiuliza: sauti ni ya nani? Ukisoma kwa kubabaisha, bibi asiyejua kusoma anarudi nyumbani na njaa. Kwa hiyo pitia somo Jumamosi. Jumapili litamke vizuri, halafu nenda kakae.