Mafuta ya Breki Hunywa Maji: Namna ya Kuyabadilisha Nyumbani

Wenye motokaa wengi wa Garissa, Dadaab na Wajir hawaanzi safari ndefu pasipo kupima mafuta ya injini na maji ya rejeta. Desturi hiyo ni njema. Walakini yako mafuta mengine, machache tu, ambayo hukaa katika kikopo chake mwaka baada ya mwaka pasipo kukumbukwa. Hayo ni mafuta ya breki, na uhai wa kila abiria u juu yake.

Yafaa kwanza tujue kazi yake. Kitu cha majimaji hakikubali kubanwa. Kwa hiyo dereva akikanyaga pedali, nguvu ya mguu wake hupita katika mafuta, tangu silinda kuu hata silinda za magurudumu yote manne. Lakini hewa na mvuke hubanwa kwa urahisi. Vikiingia katika mabomba, mguu huzama, nguvu hupotea njiani, na gari halisimami.

Mvuke hutoka wapi? Mafuta ya breki ya kawaida yana tabia ya kunyonya maji. Mtu asidhani kwamba Garissa, kwa kuwa ni nchi kavu, imesalimika. Hata hewa kavu ina unyevu kidogo, nao hupenya polepole katika mipira ya breki na kifuniko cha kikopo. Tena magari mengi hushuka Lamu na Mombasa, ambako hewa ni nzito kwa unyevu wa bahari.

Hesabu yenyewe ni hii. Mafuta mapya ya namba DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya kufikia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakisha kushika maji kiasi cha sehemu 3.7 katika mia, kiwango hicho hushuka hata nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230, kisha 155. Sasa fikiri gari lililopakia mzigo mzito likitoka Nairobi kwenda Garissa, mwendo wa kilomita zipatazo 370. Njiani hushuka mita zipatazo 1,500, na kila likizuiwa mteremkoni breki hupata moto. Mafuta yenye maji yakichemka, breki hufa ghafula, ijapokuwa asubuhi zilikuwa nzima.

Dereva wengine, wakiona pedali imelegea, huikanyaga mara mbili tatu mpaka ipande, kisha huendelea na safari. Huko ni kuficha ugonjwa, si kuutibu. Watengenezaji wengi wa magari huagiza mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Fuata kitabu cha gari lako.

Kazi yenyewe yahitaji watu wawili, spana iliyo sawasawa, bomba jembamba la plastiki lionyeshalo kilichomo ndani, chupa, na mafuta mapya ambayo kopo lake halijafunguliwa. Tazama namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Usitie DOT 5 mahali pa DOT 3 au DOT 4, kwa maana hiyo ni ya namna nyingine kabisa. Kadhalika usitie kamwe mafuta ya injini wala mafuta ya taa, kwa sababu huvimbisha na kuharibu mipira ya breki.

1. Chagua mahali pa sawa pasipo vumbi, gari likiwa limepoa. Zuia magurudumu kwa mawe. Ukiinua gari, liegemeze juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Pangusa kifuniko kabla ya kukifungua, mchanga usiingie. Vuta mafuta machafu ya kikopo kwa bomba la sindano, kisha jaza mapya mpaka alama ya juu. Yakimwagikia rangi ya gari, osha mara moja kwa maji mengi, maana huila.

3. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Katika magari mengi ya kwetu, ambayo usukani uko kulia, ni la nyuma kushoto. Kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate hicho.

4. Vika bomba kwenye skrubu ndogo ya kutolea hewa, na ncha ya pili uizamishe katika mafuta safi kidogo ndani ya chupa.

5. Mwenzako akanyage pedali polepole na kuishikilia. Wewe fungua skrubu robo mzunguko; mafuta yatatoka na pedali itazama. Funga kwanza, ndipo umwambie, "Achia." Akiachia kabla hujafunga, hewa itavutwa ndani na kazi itakuwa bure.

6. Rudieni hivyo mpaka mafuta yatoke safi pasipo mapovu. Kila baada ya kukanyaga mara nne au tano, ongeza mafuta katika kikopo. Kikikauka, hewa huingia tena.

Magari mengine ya mizigo yana skrubu nyingine kwenye vali iliyo karibu na ekseli ya nyuma; isisahauliwe. Na ikiwa gari lina mtambo wa ABS na hewa imeingia ndani yake, mpelekee fundi mwenye chombo cha kuufungua.

Mkisha kumaliza, washa injini na ukanyage kwa nguvu. Pedali yapasa kuwa ngumu na isizame polepole. Kagua kila skrubu kama inavuja. Kisha jaribu gari kwa mwendo mdogo mahali pa wazi pasipo watu wala mifugo. Ikiwa pedali ingali imelegea, gari lisiende barabarani mpaka fundi aone sababu.

Mafuta machafu ni sumu. Usiyamwage mchangani ambako mbuzi hulamba, wala usiyaache katika chupa ya soda ambayo mtoto aweza kuidhania kinywaji. Yafunge, uyaandike jina, uyapeleke gereji wanakokusanya mafuta machafu.

Mwisho, andika tarehe ya kazi hii kwenye karatasi, uibandike chini ya boneti. Mtu husahau, na mafuta ya breki hayana kelele ya kumkumbusha.