Je, Yafaa Mwenye Kupunguza Mwili Kuwa na Siku ya Kuvunja Miko?

Katika darsa yetu ya Alhamisi lilizuka swali ambalo baadhi ya wenzetu walilichekea, na sisi pia tulikaribia kucheka, mpaka tulipomtazama muulizaji usoni. Ni ndugu yetu wa hapa pwani ambaye kwa miaka mingi afanya biashara ya nguo Embu, na nyumba yake iko huko huko Majengo. Tabibu amemwambia kuwa sukari yake i mpakani: haijawa maradhi kamili, lakini haiko mbali, na kwamba akipunguza mwili yamkini asiuvuke mpaka huo. Basi ameshika miko. Siku sita hali mkate mweupe, hali vya kukaanga, chai hainywi na sukari, na usiku hutosheka na githeri isiyotiwa mafuta na mboga za majani. Siku ya saba huvunja miko na kula apendacho. Wiki kumi zimepita, na mizani imeteremka kilo moja na kitu kidogo tu. Auliza: je, siku ile ya saba ndiyo imharibiayo kazi, au ndiyo imsaidiayo asichoke njiani?

Swali hili si la mchezo. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulikuta kuwa katika kila wanawake mia, 38 au 39 wamezidi uzito ufaao, na katika wanaume mia, 17 au 18. Tena ipo habari njema ambayo wengi hawajaisikia. Huko Marekani, mwaka 2002, matabibu walitoa natija ya uchunguzi wao kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika mpaka ule ule wa ndugu yetu. Wale waliofundishwa kupunguza uzito kiasi cha saba katika mia, na kutembea kwa dakika 150 kila wiki, walipungukiwa na hatari ya kuingia katika ndwele ya sukari kwa asilimia 58, na wakawapita hata wale waliopewa dawa. Mtu mwenye kilo 90 ahitaji kupunguza kilo sita na kidogo, basi. Hizo ndizo kilo azitafutazo ndugu yetu.

Darsani watu waligawanyika. Mzee mmoja alisema miko ni miko. Mtu akishaweka siku ya kuivunja amejifunza kuivunja, na kesho atavunja pasi na siku. Kijana mmoja akasema kinyume, kwamba kamba ikivutwa sana hukatika. Sisi twaona kila mmoja ameshika upande wa haki.

Tuanze na upande wa kijana. Wasomaji wetu wakijua kisa cha Abdullah bin Amr bin Al-As, sahaba aliyetaka kufunga kila siku. Mtume (S.A.W.) alimpa nafasi ya siku tatu katika mwezi, naye akaomba azidishiwe, na kuzidishiwa, mpaka akaishia kwenye funga ya Nabii Daud, yaani kufunga siku na kula siku. Alipokuwa mzee na nguvu zimempungua alitamani lau angaliikubali ile rukhsa ya mwanzo. Hatukukileta kisa hiki tukafanya saumu na kupunguza mwili kuwa jambo moja. Tumekileta kwa sababu chatuonyesha tabia ya mwanadamu, ajitwikaye katika ujana wa azma mzigo ambao hataweza kuufikisha.

Wataalamu wa zama hizi nao wameliona jambo hilo hilo. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu Ancel Keys alichukua vijana wanaume 36, wenye afya njema na waliokubali wenyewe, akawalisha nusu ya shibe kwa muda wa miezi sita. Walikonda kwa kiasi cha robo ya uzito wao. Lakini la ajabu ni lililowapata akilini: hawakuwa na mazungumzo ila chakula, wengine walikusanya vitabu vya mapishi, wengine walilamba sahani. Walipofunguliwa, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, wala hawakushiba. Na mafuta ya mwili yaliporudi yalizidi yale waliyokuwa nayo hapo awali. Kwa hiyo mwenye kujinyima kupita kiasi asijione shujaa. Anajichimbia shimo.

Ama upande wa mzee, huo twausimamisha kwa hesabu. Tulipokwea bara mwezi uliopita tulikaa kwa ndugu yetu huyo siku mbili, kisha tukashika njia ya Chuka mpaka Meru. Siku yake ya kuvunja miko ilitukuta mezani pake, nasi, Mungu atusamehe, tulimsaidia kwa mikono yote miwili. Baridi ya mlima yaamsha tumbo la mtu wa pwani kwa namna asiyoitarajia! Baadaye tulikaa na kalamu.

Tuseme mwili wake wahitaji kalori 2,300 kwa siku, na siku za miko hula 1,800. Kila siku yapungua 500, na kwa siku sita 3,000. Sasa tazama siku ya saba. Asubuhi chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari, kiasi cha 700. Mchana sahani mbili za pilau na soda mbili, 1,660. Alasiri halua na kahawa, 400. Usiku nusu kilo ya nyama ya kuchoma yenye mafuta yake, pamoja na ugali, 1,650. Jumla 4,410. Ukitoa 2,300 za haja yake, zimezidi 2,110. Zile 3,000 alizozichuma kwa siku sita za subira zimebaki 890. Na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7,700, amebakiwa na upungufu wa gramu 115 hivi kwa wiki, badala ya gramu 390. Kwa wiki kumi ni kilo moja na gramu 150. Mizani haikumdhulumu. Hesabu hizi ni za kukisia, kwani miili haiwi sawa wala vyakula havipikwi sawa, lakini zatosha kuonyesha tundu lilipo.

Na tundu lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Alipotuhesabia wiki yake yote tuligundua jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliona, na ambalo lawahusu Waislamu wengi wakaao Embu na Meru. Siku yake rasmi ni Ijumaa, siku ya pilau nyumbani. Lakini majirani zake wengi ni Wakristo, na siku yao ya kukusanyika ni Jumapili. Na muuza duka hawezi kila wiki kuukataa mwaliko wa jirani aliyemchinjia mbuzi halali kwa kumheshimu. Kwa hiyo wiki nyingine alivunja Ijumaa, na Jumapili akavunja tena kwa jina la adabu. Hapo zabaki siku tano, zenye kalori 2,500. Yatosha kila moja ya siku mbili hizo ipite haja ya mwili kwa 1,250, na kazi ya wiki nzima imekwenda bure. Kisha waja mwezi wa Disemba, shule zimefungwa, vijana wa Meru na Embu watiwa jando, wari walishwa vizuri mpaka wapone, na sherehe za kuwapokea zapita nyumba hata nyumba. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliotangazwa mwaka 2000 uliwapima watu wazima kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka na baada yake. Walizidi kiasi kidogo sana, chini ya nusu kilo. Lakini kidogo kile hakikutoka tena mwaka ule. Kilikaa kikangoja mwenziwe wa mwaka wa pili.

Sisi wa pwani tusiwanyooshee wenzetu wa bara kidole. Ni nani aliyebuni vunja jungu? Siku za mwisho za Shaaban twala kama watu waagao dunia, kwa hoja kwamba kesho twafunga. Kisha ikiingia jioni ya kwanza ya Ramadhani twala kama watu waliotoka gerezani, kwa hoja kwamba leo tulifunga. Viazi vya nazi, mihogo, kaimati, tambi, sambusa, na daku juu yake. Wako wanaotoka katika mwezi wa kujizuia na kilo zaidi kuliko walivyoingia. Aya ya 31 ya Sura ya Al-Aaraf, inayokataza israfu katika kula na kunywa, haikubagua mwezi.

Lipo jambo jingine limfanyalo mtu akate tamaa, nalo ni la mizani yenyewe. Aliyevunja miko Ijumaa akipanda mizani Jumamosi huweza kukuta amezidi kilo moja au mbili. Hustuka, husema kazi yote imeharibika, na mara huacha kabisa. Hayo si mafuta. Kila gramu ya wanga uwekwao akiba katika ini na misuli hushika maji kiasi cha gramu tatu, na chumvi ya pilau nayo huzuia maji. Tena chakula chenyewe bado kimo tumboni. Baada ya siku tatu au nne ya shibe ya kawaida hayo huondoka. Basi mtu ajipime mara moja kwa wiki, siku ile ile na saa ile ile, na isiwe asubuhi ya baada ya karamu.

Wako pia wasemao kwamba kula sana siku moja huuamsha mwili uliolala, ukaanza kuunguza zaidi. Asili ya maneno haya si uwongo mtupu. Mwenye kukonda, mwili wake huanza kubana matumizi. Katika utafiti wa Australia uliotangazwa mwaka 2017, wanaume wanene walipunguziwa chakula wiki mbili, kisha wakapumzishwa wiki mbili, kwa zamu. Wao walipoteza kilo 14 hivi, na waliobanwa mfululizo walipoteza tisa. Lakini msomaji asikimbilie sahani. Katika mapumziko yale watu hawakuachiwa huru. Walipewa chakula cha kutosha haja ya mwili tu, kwa kipimo, wala hapakuwa na israfu. Tena waliojaribu mfano wa hayo baadaye kwa watu wa namna nyingine hawakuipata tofauti ile. Hiyo ni hoja ya kupumzika, wala si hoja ya kupakia.

Kule Meru kijana mmoja wa upande wa Maua alitueleza njia yake: hutafuna miraa mchana, njaa ikafa, na hivyo hana haja ya miko. Hukumu ya miraa ina mjadala wake, wala hatuufungui hapa. Kwa upande wa siha tu, ni kweli kwamba miraa huua hamu ya kula. Lakini hutafunwa na soda na chai tamu, na usiku ukiingia njaa iliyofukuzwa hurudi na jamaa zake, tena usingizi umekimbia na jiko liko karibu.

Basi rai yetu ni hii. Rukhsa yafaa, lakini iwe ya mlo, isiwe ya siku. Lau ndugu yetu angalikula siku ya saba zile zile 1,800, kisha akaongeza sahani moja ya pilau yenye 700, angalizidi haja yake kwa 200 tu, na wiki ingalimbakia na upungufu wa 2,800. Tofauti ya hesabu ile na hii ni kama ya baba na mjukuu. Mlo huo tungependa uwe wa kukaa na watu, kwani ladha ya pilau nusu yake ni waliao nawe. Alaye peke yake amesimama jikoni hajui hata amekula nini. Tena usiwe wa kulipa deni. Mtu asishinde na njaa tangu asubuhi kwa kuwa jioni ana karamu, kwani hapo ndipo hupoteza kipimo.

Rukhsa hii hatumpi kila mtu. Mwenye ndwele ya sukari hasa, atumiaye sindano au vidonge, asibadilishe kiasi cha chakula chake juu wala chini kabla ya kumwuliza tabibu wake, maana dawa yake imepimwa kwa chakula. Na yuko mtu ambaye akifungua mlango mmoja hawezi kuufunga, hula kwa siri hata akaumwa, kisha akajichukia. Huyo siku za kuvunja miko zitamzidishia dhiki, na la kufaa kwake ni kula vya kutosha kila siku na kutafuta msaada wa mganga wa hospitali, pasi na haya.

Mzee wetu aliyesema miko ni miko alisikiliza yote haya, akakubali mlo mmoja, akakataa soda. Hapo hatukubishana naye.

Ndugu yetu alirudi Embu Jumamosi kwa gari la asubuhi. Amechagua mlo wa Ijumaa mchana, baada ya sala, sahani moja pamoja na watoto wake. Kwa majirani Jumapili atakwenda kama desturi, ila nyama atajikatia mwenyewe, na ataanza na mboga. Mizani ataipanda kila Alhamisi kabla ya chai. Ameahidi kutuletea hesabu baada ya wiki kumi, nasi tumemwekea ukurasa katika daftari la darsa.