Dondoo muhimu: Kagua ngozi hadi nyayoni

Ukiwa kwenye mazoezi ya vitendo hospitali ya Murgwanza au Biharamulo, mwombe mgonjwa avue viatu. Kwa ngozi nyeusi, saratani ya melanoma hujitokeza zaidi kwenye nyayo na chini ya kucha, na ni rahisi kuidhania mwiba ulioozea ndani. Kovu la moto lililogeuka kidonda kisichopona, hasa chenye kingo zilizoinuka, mwambie daktari achukue kinyama kupima saratani. Kusafisha na kufunga bandeji kila wiki ni kupoteza muda. Madoa ya zambarau yasiyowasha? Fikiria saratani ya Kaposi: ulizia kipimo cha VVU, tazama na kaakaa. Mwenye ualbino mkague masikio, midomo na shingo, hata kama kaja kwa malaria. Losheni ya Kilisun ya kumkinga na jua hutengenezwa Moshi. Matibabu ya saratani yapo hospitali ya Bugando, Mwanza.