Korongo la Samaria: Njia Iliyochongwa na Maji



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo la jiografia litakalowafaa vijana walioko madarasani, wala lisiwachoshe ndugu zangu tuliokwisha toka shuleni zamani. Nimechagua korongo moja nililolipita kwa miguu mwezi wa Septemba mwaka 2018, nilipokuwa masomoni Ulaya. Nimelichagua kwa kuwa ndani yake mtu huona kwa macho yake, katika siku moja, jambo ambalo kitabu hulieleza kwa kurasa nyingi, yaani kazi ya maji. Tena huona ya kuwa maji yaliyoifanya njia ndiyo yawezayo kuifunga, na mwenye kupita hana budi kujua saa ya kupita na saa ya kukaa nje.

MAHALI PENYEWE

Korongo hilo laitwa Samaria, nalo limo katika kisiwa cha Krete, nchi ya Ugiriki. Upande wa magharibi wa kisiwa kuna safu ya milima iitwayo Milima Myeupe. Kilele chake kirefu, Pachnes, chafika mita 2,453. Milima hii haikukaa mbali na pwani kama Ruwenzori yetu. Imesimama karibu kabisa na bahari. Ukiwa ufukoni ukatazama kusini, mbele yako ni maji matupu mpaka Afrika, na ndiyo maana bahari ile huitwa Bahari ya Libya.

Njia yaanzia Xyloskalo, ukingoni mwa uwanda wa Omalos, mahali palipo juu ya bahari kwa mita 1,200 na kitu. Yaishia katika kijiji cha Agia Roumeli, pwani kabisa. Urefu wake wote ni kama kilomita 16.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, karibu sawa na Xyloskalo. Maji yatokayo Jinja husafiri zaidi ya kilomita 5,000 kabla ya kumwagika katika Bahari ya Mediterania, ambayo ndiyo inayokizunguka kisiwa cha Krete. Kwa wastani, katika kila kilomita maji ya Nile hushuka kiasi kisichofika sentimita 25. Maji ya Samaria yashuka kimo kama hicho katika kilomita 16 tu, yaani mita 75 kwa kila kilomita. Mtoto wa darasa la chini ataweza kusema ni maji yapi yaendayo kwa nguvu zaidi.

MAJI NA MWAMBA

Mwamba wa milima ile ni wa chokaa, nao ulifanyika zamani sana chini ya bahari. Mvua inyeshapo hushika hewa ya kaboni, ikawa kali kidogo, na maji ya namna hiyo huiyeyusha chokaa polepole. Kwanza maji hupenya katika nyufa, kisha nyufa hupanuka. Mto ukipata mchanga na kokoto hukwangua mwamba kama msasa ukwanguavyo ubao.

Lakini maji peke yake yasingalifanya korongo refu namna ile. Kuna nguvu ya pili. Bamba la ardhi lililobeba bara la Afrika lasukumwa kuelekea kaskazini na kuingia chini ya Krete, na kwa hiyo kisiwa huinuliwa. Mwaka 365 lilitokea tetemeko kubwa, na sehemu za pwani ya kusini-magharibi ya Krete zikapanda kwa mara moja, nyingine hata mita 9. Basi fikirini msumeno uliotulia mahali pamoja, na gogo lainuliwa kuufuata: mto ndio msumeno, mlima ndio gogo.

SAFARI

Tulitoka mjini Chania alfajiri kwa basi, tukafika langoni jua likianza kuchomoza. Kila mtu alipewa tikiti, na mlinzi akatuonya tusiitupe, maana itatakiwa tena mwisho wa njia. Neno hilo nitalirudia baadaye.

Jina Xyloskalo maana yake ni ngazi ya miti. Njia hushuka kwa kuzungukazunguka katikati ya misonobari na miti ya saipresi, na upande wa kuume jabali la Gingilos limesimama kama ukuta. Watu wengi hudhani kushuka ni kazi nyepesi. Mimi nawaambia kwamba baada ya saa moja magoti huanza kulalamika, na baada ya saa mbili vidole vya miguu husukumana ndani ya kiatu. Mwenda pole hajikwai. Waliokwenda mbio pale juu tuliwakuta chini wamekaa kitako, wamevua viatu.

Katika njia mna chemchemi ambapo msafiri hujaza chupa yake. Mto wenyewe wakati wa kiangazi ni mdogo. Mara waonekana ukipita juu ya mawe, mara wapotea kabisa chini ya kokoto, kisha waibuka mbele. Tuliuvuka mara kwa mara kwa kukanyaga jiwe hili na hili.

KIJIJI CHA SAMARIA

Karibu nusu ya njia tulifika penye nyumba za mawe. Hapo ndipo kijiji cha Samaria. Kipo kikanisa cha mwaka 1379, kilichojengwa kwa jina la Osia Maria, Mtakatifu Maria wa Misri, na husemwa kwamba jina Samaria limetoka hapo. Katika kijiji hiki watu waliishi kwa kukata mbao, kufuga mbuzi na kuweka mizinga ya nyuki. Mwaka 1962 korongo lilifanywa hifadhi ya taifa, na wenyeji wakahama. Tangu hapo nyumba zimebaki kwa walinzi na wapita njia.

Hifadhi iliwekwa pia kwa ajili ya mbuzi mwitu wa Krete, aitwaye kri-kri, ambaye alikuwa karibu kumalizwa na wawindaji. Mbuzi amepona; nilimwona mmoja akisimama juu ya jiwe akitutazama bila hofu. Nilifurahi, lakini nilipogeuka nikaona milango ya nyumba zisizo na moshi, nikawakumbuka Batwa wetu waliotolewa katika msitu wa Bwindi mwaka 1991, ulipofanywa hifadhi. Kumlinda mnyama ni jambo jema. Lakini yampasa kila kijana atakayeshika kazi ya misitu aulize pia habari za mtu aliyeishi pale kwanza, atakwenda wapi na atakula nini.

MILANGO

Baada ya kijiji kuta zasogeleana. Karibu na kilomita ya 11 na kuendelea mtu hufika mahali paitwapo Milango. Hapo korongo lina upana wa kama mita 4 tu, na kuta za mwamba zapanda juu kama mita 300. Sauti za watu hupungua zenyewe. Nilitazama ukutani nikaona mwamba umelainishwa na maji, hata juu ya kichwa changu. Nikafahamu ya kuwa siku ya mvua hapana mahali pa kukimbilia, wala kulia wala kushoto.

Kwa sababu hiyo njia hufunguliwa kwa kawaida tangu mwezi wa Mei mpaka Oktoba tu. Wakati wa baridi hufungwa, na hata katika miezi ya kiangazi, mvua ikitazamiwa, lango halifunguliwi, hata kama mgeni ametoka mbali na amelipa nauli yake.

Lango la kutokea liko kama kilomita 13 toka mwanzo. Hapo mlinzi alizipokea tikiti zetu. Katika kundi letu alikuwamo mama mmoja mtu mzima aliyetegua kifundo cha mguu karibu na kijiji. Walinzi walimpandisha juu ya baghala, yaani mnyama aliyezaliwa na punda na farasi. Sisi tulifika kabla yake. Mlinzi alihesabu tikiti, akauliza, “Yuko wapi wa mwisho?” Hakuondoka pale mpaka mama yule alipofika naye akatoa kikaratasi chake. Ndipo nilipoelewa kwamba tikiti ile haikuwa ya fedha tu. Ilikuwa hesabu ya watu. Aliyeingia asubuhi lazima aonekane jioni.

Tulimaliza kilomita 3 zilizobaki mpaka Agia Roumeli, tukanawa miguu baharini. Barabara ya motokaa haipo, hutoka watu kwa mashua. Katika pwani hiyo hiyo, mwezi wa Mei mwaka 1941, Mfalme George II wa Ugiriki, akiwakimbia Wajerumani, alichukuliwa na manowari ya Kiingereza baada ya kuvuka milima kwa miguu.

FAIDA YA SOMO HILI

Vijana wengi hupenda kutembelea makorongo ya huku kwetu Afrika ya Mashariki, na ni vizuri. Lakini kumbukeni habari ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, Kenya. Mwezi wa Septemba mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliwakuta watu ndani ya korongo, wakafa 7. Mbingu yaweza kuwa safi juu ya kichwa chako, kumbe mvua imekwisha nyesha mlimani, na maji yako njiani. Kwa hiyo shikeni haya: ulizeni wenyeji kabla ya kuingia, ingieni asubuhi, hesabuneni mwanzo na mwisho, maji yakianza kubadilika rangi, pandeni juu mara moja, msingoje kuokota mzigo, na mlinzi akisema leo hapana, rudini nyumbani kwa shukrani.

MASWALI

1. Kwa nini mto mfupi wa Samaria umechimba korongo refu kwenda chini, hali Nile yenye maji mengi yapita katika nchi tambarare mahali pengi?

2. Eleza kwa mfano wako mwenyewe jinsi ardhi iinukayo na mto ukatao zinavyosaidiana.

3. Shule yenu yataka kupeleka wanafunzi 40 katika korongo. Andika kanuni tano utakazowasomea kabla ya kuondoka, na useme nani atashika hesabu ya watu.