Kusoma Vilima vya Matumbi: Mwongozo kwa Wageni wa Kipatimu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Lindi hupita Mohoro, ambako Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga ambaye dawa yake ya maji iliwahamasisha watu katika Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wao, mnamo Agosti 4, 1905, kisha akifika Njia Nne huiacha barabara kuu na kupanda vilima vya Matumbi hadi Kipatimu; safari hiyo ifanywe wakati wa kiangazi, kwa kuwa masika huiharibu njia ya vilimani.

Mgeni aliyezoea Songea, penye Makumbusho ya Maji Maji, asitarajie hapa makabati ya vioo na maandishi ya ukutani, kwa sababu kumbukumbu ya jamii, yaani yale ambayo watu huyahifadhi pamoja kwa kuyasimulia na kuyarejea, huku imekaa katika ardhi yenyewe. Kituo cha kwanza kiwe Nandete, ambako mwishoni mwa Julai 1905 Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa mashina ya pamba iliyolimwa kwa shuruti, wakijua kwamba akida wa Kibata, yaani wakala wa utawala wa Kijerumani, asingelinyamazia jambo hilo, na vita vikaanza. Mnara wa kumbukumbu upo, lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba shina lile la pamba, ambalo mwanaakiolojia asingelipata hata angechimba, limedumu katika simulizi, na ni simulizi za wazee kama hizo ambazo mwanahistoria Gilbert Gwassa alizikusanya miaka ya 1960, hata historia ya Vita vya Maji Maji ikaacha kutegemea mafaili ya wakoloni peke yake.

Mapango ya Nang'oma, yaliyochongwa na maji katika mawe ya chokaa, ndiyo yanayohitaji maandalizi: tochi mbili, viatu visivyoteleza na mwenyeji anayezijua njia za ndani. Husimuliwa kuwa watu walijificha humo wakati wa vita, na kigae ambacho mgeni atakiona sakafuni hakiokotwi: kikishatolewa mahali pake hakisemi tena kitu.

Kabla ya yote hayo, mgeni apite ofisi ya kijiji, kisha kwa wazee. Aamkie kwa shikamoo, aketi, aulizwe habari za safari, na kamera ibaki mfukoni mpaka ruhusa itolewe. Mwenye haraka ataona pango na mnara, basi; Kipatimu itengewe siku mbili.